SAFARI YA KIANGAZI
Mausia kwa wakatekumeni wanaojitengeneza kwenda misioni



Mvua zikiisha kunyesha na majani yakianza kukauka, watu wengine husema: «Sasa ni wakati wa kupumzika.» Maneno hayo ni ya mtu asiyejua kazi za kijiji. Katika nchi za Katanga na kandokando ya ziwa Tanganyika, kiangazi huanza karibu na mwezi wa tano, kikaendelea hata mwezi wa tisa. Katika miezi hiyo jembe hupumzika kidogo, lakini mwenye jembe hapumziki. Ndipo anapokata nyasi za kuezekea, anapofyatua matofali na kuyachoma, anapotengeneza ghala ya mahindi na kukausha karanga. Ndipo ndoa zinapofungwa na matanga yanapoondolewa, kwa kuwa chakula kipo na njia zinapitika. Mwanzoni mwa mwezi wa saba watoto wanarudi kutoka shuleni, na nyumba inajaa sauti.

Kanisani pia kazi ni nyingi. Paa la kapela linavuja, lazima liezekwe kabla mvua hazijarudi. Waimbaji wanakutana jioni kujifunza nyimbo. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, inakaribia, na watu wa vijiji vya mbali wanataka kwenda misioni kuisherehekea. Wengi huenda kwa baisikeli, ambayo watu wa nchi hizi huiita kinga. Safari ya namna hiyo haianzi siku ya kuondoka; huanza majuma mengi mbele.

Hivyo kazi tatu zinamngoja mkatekumeni katika kiangazi: kazi ya jamaa, kazi ya Kanisa, na kazi ya safari. Zote tatu ni njema. Lakini shetani akishindwa kumvuta mtu kwa mambo mabaya, humsonga kwa mambo mema mengi, ili alisahau lile moja lililo kubwa. Mtakatifu Luka, katika sura ya 10 ya Injili yake, anasimulia habari za Marta na Maria, dada wawili waliompokea Bwana wetu Yezu Kristu nyumbani mwao. Angalieni vema: Bwana hakumkemea Marta kwa sababu ya kupika.  Alimwonya kwa sababu moyo wake ulikuwa umetawanyika kama unga uliopulizwa na upepo.

1. KAZI YA JAMAA

Mtu anayetaka kwenda misioni kwa siku tano, ajiulize kwanza: nyumbani anaacha nini? Kuni zipo? Nani atachota maji, ikiwa kisima cha karibu kimekauka na cha pili ni mwendo wa saa nzima? Mume asemaye: «Mimi naenda kusali,» huku akimwachia mke wake mzigo wote, huyo anasali kwa jasho la mwingine. Mungu hapendi sala ya namna hiyo.

Tazameni kazi moja tu ya mama wa nyumba: muhogo. Muhogo mchungu una sumu ndani yake, kila mtu ajua. Hulowekwa majini siku tatu ao zaidi, humenywa, huanikwa, hutwangwa, huchungwa, ndipo unapokuwa ugali wa kuwapa watoto. Mama akiwa peke yake, akisongwa na kazi na haraka, huutoa majini kabla ya wakati. Matokeo yake ni ya kuogopesha. Uko ugonjwa unaoitwa konzo, ambao waganga waliuandika katika nchi ya Kwango mwaka 1938: mtoto ao mama aliyekuwa akitembea vema huamka na miguu iliyokakamaa, wala haimchukui tena. Ugonjwa huo huwapata hasa watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, nao hawana chakula kingine cha kuutia mwili nguvu. Tena huzidi kuonekana wakati wa kiangazi. Haraka ya siku mbili yaleta kilema cha maisha.

Kwa hiyo mume mwema, kabla ya kutazama magurudumu ya baisikeli yake, hutazama maji, kuni na muhogo wa nyumbani mwake. Watoto wakubwa waliorudi kutoka shuleni nao wapewe kazi yao, wavulana sawa na wasichana, kwa maana kuchota maji hakumpunguzii mvulana heshima. Na jioni, wote wanapoota moto kwa sababu ya baridi ya usiku, baba awafundishe Baba Yetu na Salamu Maria. Mtoto aliyesikia sala kinywani mwa baba yake haisahau upesi.

Neno jingine lihusulo jamaa ni pombe. Baada ya mavuno nafaka ni nyingi, na pombe ni nyingi. Kunywa kwa kiasi katika arusi ya ndugu si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana. Lakini fedha za karanga zikinywewa zote katika mwezi wa saba, mtoto atarudije shuleni mwezi wa tisa?

2. KAZI YA KANISA

Kuezeka kapela ni kazi ya heshima. Anayepanda juu ya paa na fungu la nyasi begani anamjengea Mungu nyumba, na Mungu hatamsahau. Lakini mkatekumeni asidhani ya kuwa atanunua Ubatizo kwa mafungu ya nyasi. Ubatizo ni zawadi. Kinachotakiwa kwake ni moyo uliogeuka, na moyo haugeuki kwa siku moja.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza wanaotaka Ubatizo wangoje miaka 4 wakifundishwa na kujaribiwa. Watu wengi waliona miaka hiyo kuwa mirefu mno. Wengine walisema: «Nimekwisha kujua Nasadiki kwa moyo, mbona mwanichelewesha?» Jibu li katika mtungi wa muhogo. Sumu haitoki kwa kuwa muhogo umegusa maji. Hutoka kwa kuwa umekaa majini. Vivyo hivyo chuki, uwongo, tamaa ya mke wa mwingine na hofu ya wachawi havitoki kwa sababu mtu amesikia katekisimu mara moja. Hutoka polepole, kwa neema ya Mungu, katika moyo unaokaa ndani ya neno lake.

Nchi hii yenyewe imeona matunda ya uvumilivu huo. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alisoma miaka mingi, wenzake wakioa na kujenga, yeye akiendelea na vitabu vyake. Tarehe 21 Julai 1917, katikati ya kiangazi, alipewa upadri huko Baudouinville, mahali panapoitwa Moba siku hizi, akawa padri wa kwanza mwenyeji wa Kongo katika nyakati hizi. Kama angalitaka kila jambo upesi, Kongo ingalimngoja mwingine.

Basi katika kiangazi mkatekumeni asiache mafundisho kwa kisingizio cha matofali. Matofali yafyatuliwe asubuhi, mafundisho yasikilizwe wakati wake. Na Dominika tanuru isiwashwe, wala mzigo wa soko usifungwe. Siku hiyo ni ya Mungu, tena ni ya mwili uliochoka.

3. KAZI YA SAFARI

Katika sura ya 14 ya Injili ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu anasimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara: hukaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na watu kwa kuanza bila kumaliza. Mwenye baisikeli naye afanye vivyo hivyo. Njia ya siku mbili, yenye mchanga, mawe na miteremko, haina huruma kwa mtu asiyejitengeneza.

Azungushe magurudumu, aone kama yanakwenda sawa, na njiti zake zimekazwa. Autazame mpira wa nje kama umepasuka, na mpira wa ndani autie majini, aone povu linatokea wapi. Mnyororo ausafishe vumbi la mwaka mzima, kisha autie mafuta. Breki azijaribu mlimani penye mteremko mdogo, kabla hajafika penye mkubwa. Afunge katika kitambaa vipande vya mpira, gundi, pampu na ufunguo wa nati. Maji ayachukue ya kutosha, kwa kuwa vijito vingi vimekauka. Na mzigo aufunge sawasawa, usiegemee upande mmoja. Watu wakiwa wengi, mwepesi asiwaache wenzake nyuma. Anayejua njia atangulie, mwenye nguvu afuate wa mwisho, ili aliyetoboka gurudumu asibaki peke yake porini.

Mtu asiseme kwamba mambo hayo ni ya chuma tu, hayana neno kwa Kanisa. Katika Italia, juu ya ziwa la Como, liko kanisa dogo la Bikira Maria wa Ghisallo, na mwaka 1949 Baba Mtakatifu Pio wa 12 alimweka Bikira Maria huyo kuwa msimamizi wa waendao kwa baisikeli. Papa huyohuyo, tarehe 1 Novemba 1950, alitangaza kuwa fundisho la imani ya kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Mama aliyefika mwisho wa safari anawaombea walio njiani bado.

Mwitalia mmoja aliyempenda sana Bikira Maria alikuwa Gino Bartali. Alishinda mara mbili mashindano makubwa ya kuzunguka Ufaransa kwa baisikeli, mwaka 1938 na mwaka 1948. Lakini sifa yake kubwa haikuwa hiyo. Katika vita, miaka ya 1943 na 1944, Wayahudi walipokuwa wakiwindwa ili wauawe, Kardinali Elia Dalla Costa, askofu mkuu wa Firenze, alitafuta watu wa kuwasaidia kujificha. Bartali alipakia hati zao ndani ya mabomba ya baisikeli yake na chini ya kiti, akapita mbele ya askari kama mtu anayejizoeza kwa mashindano. Kama wangaliivunja baisikeli ile wakatazama ndani, angaliuawa. Baada ya vita hakujisifu. Alikufa mwaka 2000, na ni mwaka 2013 tu watu wa Yad Vashem huko Yerusalemu walipoandika jina lake kati ya wenye haki waliowaokoa Wayahudi.

Fikirini hayo. Watu waliokuwa njiani waliona usukani, magurudumu na mwendo wa kasi. Mungu aliona kilichokuwa ndani ya bomba.

4. NATI ILIYOSAHAULIWA

Katika kijiji kimoja walikuwako ndugu wawili wa tumbo moja. Baba yao alipokufa aliacha baisikeli moja. Mkubwa aliitumia kupeleka unga na dagaa sokoni, akawalisha watoto wake na mama yao mzee kwa faida hiyo. Mdogo alikuwa mkatekumeni, karibu kumaliza mafundisho. Siku moja aliiomba, akanyimwa. Usiku akaichukua bila ruhusa, akaifunga nyumbani mwake, akasema: «Baba alikuwa wangu pia.» Tangu siku ile hawakusalimiana. Mkubwa akawa anabeba unga kichwani.

Kiangazi kilipofika, mdogo alifanya kazi kuliko wote. Alikata nyasi za kapela, aliimba na waimbaji, alimchongea mama yake mwiko na kinu kipya. Kwa fedha za karanga zake alinunua mpira wa ndani na mnyororo mpya, akaitengeneza baisikeli mpaka ikang'aa. Wenzake wakamsifu: «Huyu ni Mkristu kabla ya Ubatizo.»

Jioni moja mama yake alikuwa ameketi penye moto, akimtazama anavyokaza nati moja moja. Akamwambia: «Mwanangu, nati zote umekaza. Moja umeiacha.» Kijana akainama, akatafuta, asione. «Ni ipi, mama?» Mama akaelekeza kidole upande wa nyumba ya mkubwa wake. Hakusema tena.

Kijana alikasirika, akaingia kulala. Lakini usingizi haukuja. Alikumbuka fundisho alilolisikia, lililo katika sura ya 5 ya Injili ya Mtakatifu Mateo: anayeleta sadaka yake altareni, naye akikumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza kupatana na ndugu. Akaona wazi kwamba Bwana hasemi: mngoje ndugu aje. Wala hasemi: nenda ikiwa wewe huna kosa. Asema: nenda.

Alfajiri aliisukuma baisikeli hata mlangoni pa mkubwa wake, akapiga goti, akasema: «Yaya, hii ni kinga ya baba. Nilikosa kuichukua usiku. Nimeirudisha.» Mkubwa alitazama mnyororo mpya, akamtazama mdogo wake, akajibu: «Umekuja kwa sababu unataka kwenda nayo misioni.» Kijana akasema: «Hapana, Yaya. Nitakwenda kwa miguu.» Mkubwa akaiingiza baisikeli ndani, akafunga mlango, bila kuongeza neno.

Kijana alikuwa ametumaini kukumbatiwa. Hakukumbatiwa. Aliondoka siku mbili mbele ya wenzake, mkongojo mkononi na mzigo kichwani. Wenzake wakampita njiani kwa kengele na vumbi. Alifika misioni miguu imevimba, siku yenyewe ya kukesha. Padri alipowauliza wakatekumeni maswali ya katekisimu, yeye alijibu kwa sauti ndogo kuliko wote. Lakini alipofika kwenye maneno ya Baba Yetu yanayoomba masamaha, aliyasema bila kuona haya, na hilo halikuwa limempata tangu mavuno.

Aliporudi kijijini, alikuta kuni zimepasuliwa mlangoni pa mama yake, na mtungi umejaa maji. Baisikeli ilikuwa imeegemezwa ukutani pa nyumba yake mwenyewe. Mkubwa alikuwa ameketi karibu, akitafuna muwa. Hakusema habari za usiku ule, wala za Injili, kwa kuwa yeye bado hakuwa mtu wa kusali. Alisema tu: «Mdogo wangu, mnyororo umekauka. Tia mafuta. Kesho ni siku yangu ya soko, kesho kutwa ni yako.»

Tena ikumbukwe ya kuwa, hata kama mkubwa angaliendelea kufunga mlango, mdogo alikuwa amekwisha kutii. Kupatana kwahitaji watu wawili, lakini kuomba masamaha na kusamehe kwahitaji mmoja. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, sista wa Kongo, aliuawa kule Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu hakukubali kuvunja ahadi aliyomtolea Mungu. Alimsamehe mwuaji wake kwa kinywa chake, bila kungoja aombwe. Papa Yohane Paulo wa 2 alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, siku ileile ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni.

5. MAKUSUDI YA KIANGAZI HIKI

Kila mkatekumeni achukue makusudi haya, ayashike mpaka mvua ya kwanza:

Kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, afanye ishara ya msalaba na kumtolea Mungu siku nzima.

Kila jioni, awakusanye watu wa nyumba yake kwa sala, hata kama ni fupi.

Kabla ya safari, atengeneze kwanza nyumba, kisha moyo, kisha baisikeli.

Kama kuna mtu ambaye hamsalimu, amwendee kabla ya siku ya kuondoka. Asitume mtoto, aende mwenyewe.

Aliye na baisikeli amkumbuke asiye nayo. Nafasi ya nyuma inaweza kumfikisha mzee penye Misa aliyoikosa miaka mingi.

MAULIZO

U. Kwa nini Bwana wetu alimwonya Marta?
J. Si kwa sababu ya kazi yake, bali kwa sababu moyo wake ulitawanyika katika mambo mengi, ukasahau kumsikiliza.

U. Kwa nini Kanisa linawangojesha wakatekumeni muda mrefu?
J. Ili neno la Mungu likae ndani yao na kuitoa sumu ya dhambi, kama maji yanavyoitoa sumu ya muhogo.

U. Mtu aliyekosana na ndugu yake afanye nini kabla ya kumtolea Mungu sadaka?
J. Amwendee ndugu yake na kupatana naye kwanza, asingoje kufuatwa.

U. Na ndugu akikataa?
J. Amsamehe hata hivyo, amwombee, na kumtendea mema. Mengine amwachie Mungu.

SALA YA WASAFIRI

Ee Mungu Baba, wewe uliyemwongoza Yosefu na Maria katika njia ya Misri, walinde watoto wako walio safarini. Linda nyumba walizoziacha, na mikono ya mama wanaofanya kazi humo. Uwape breki penye mteremko, maji penye kiu, na rafiki penye pori. Kama yuko ndugu ambaye njia ya kwenda kwake imeota majani, uwape nguvu ya kuifyeka leo. Nawe Bikira Maria, uliyepalizwa mbinguni, uwaombee mpaka wafike wote, wepesi na wenye kuchelewa, nyumbani mwa Baba. Amina.